Jino la Mpwa Wangu

Desemba 2015, nilipokuwa nyumbani Tanga kwa likizo ya chuo, mpwa wangu wa miaka sita aling'oka jino lake la kwanza. Tulikuwa uani, Ngamiani, naye alikuwa amechutama mbele ya baiskeli ya babu iliyopinduliwa matairi juu, akizungusha pedeli na kutazama mwanga ukikatika kati ya spoki, kama alivyofanya kila alasiri. Ukimwita, hageuki. Akisema, husema maneno ya watu: siku ile ilikuwa "karanga za moto, karanga za moto", kwa sauti ile ile ya muuzaji aliyepita asubuhi. Daktari wa akili Leo Kanner, alipoandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, hali ya ukuaji wa ubongo aliyo nayo mpwa wangu, alieleza tabia hizi hizi, na nilipomsoma chuoni nilihisi anasimulia uani kwetu.

Dada alilipokea jino kiganjani, akampangusa mtoto damu, naye akarudi kwenye pedeli yake. Bibi akataka jino litupwe juu ya bati, kama desturi. Nikaomba anisubiri kidogo.

Nilimweleza dada kwamba ndani ya jino la utoto mna nyama laini yenye seli hai. Watafiti wa Brazil na Marekani walikuwa wamechukua seli za namna hiyo kwa watoto wenye usonji, wakazirudisha katika hali ya seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine, kwa njia ambayo Shinya Yamanaka wa Japani aliionyesha kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka uliofuata, kisha wakazilea hadi zikawa seli za neva. Za mtoto mmoja, ambaye jeni yake iitwayo TRPC6 ilikuwa imekatika, zilitoka fupi, zenye matawi machache. Nilisisitiza kwamba jeni zinazohusishwa na usonji ni nyingi mno, na kwamba ya mtoto yule huenda isiwe ya wetu. Sikutaka kumpa tumaini la dawa ambayo haipo.

Dada hakuuliza habari za dawa.

"Kwa hiyo si kwa kuwa nilimwacha na yaya nikarudi dukani?"

Kumbe mhudumu mmoja wa kliniki alimwambia hivyo, naye akaubeba mzigo huo miaka mitatu bila kutuambia. Nikamtajia utafiti wa pacha wa Susan Folstein na Michael Rutter, wa mwaka 1977: katika jozi 11 za pacha wanaofanana, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji, katika jozi 10 za wasiofanana, hapakuwa na hata moja. Kama chanzo kingekuwa malezi, jozi za aina zote mbili zingefanana; zilichotofautiana ni kiasi cha jeni walizoshirikiana.

"Si wewe, dada."

"Sema tena, bibi asikie."

Nikasema tena. Bibi alinyamaza, akalichukua jino kiganjani mwa dada, akalirusha. Lilidunda juu ya bati mara mbili, likabingirika, na mpwa wangu, ambaye alasiri nzima hakuwa amegeukia jina lake, akaiachia pedeli akainua uso.