Reelfoot na Filimbi ya Bata ya Dola 400

Msimu wa bata ukianza, vyumba vya kulala kando ya Ziwa Reelfoot, Tennessee, hupanda bei bila haya, na godoro ni lilelile lenye bonde katikati. Basi la abiria hakuna. Ni gari la kukodi, mafuta juu yako. Ziwa lenyewe, lililozaliwa na matetemeko ya New Madrid ya 1811 na 1812, nililipitia haraka kwenye mvua. Nilikuwa nimefuata filimbi za zamani za kuitia bata, zile zilizokerezwa kwa mkono. Huku ndiko mkerezaji Victor Glodo alikoanzisha mtindo unaoitwa wa Reelfoot.

Kwenye duka moja la vitu vya kale, njiani, ilikuwepo moja yenye kikaratasi: Reelfoot, 1910 hivi, dola 400. Mwenye duka, mzee mchangamfu, aliipuliza kwa nguvu kabla sijaomba. Hilo tu lilinitia shaka. Filimbi halisi ya umri huo haipulizwi ovyo, maana pumzi hulowesha mbao kavu, na ulimi wa shaba, kile kibamba chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, ukiwa umechoka unaweza kupasuka.

Nikaomba kuifungua, yaani kuchomoa kipande cha ndani chenye ulimi kutoka kwenye mwili, ile neli ya kupulizia. Shika mwili karibu kabisa na kiungo, zungusha polepole huku ukivuta. Usiitikise upande kwa upande, kwa sababu mdomo wa mwili, pale kipande hicho kinapochomekwa, hupasuka kufuata nyuzi za mbao, na filimbi iliyopasuka imeshapoteza sehemu kubwa ya bei. Ikigoma, unyevu umeivimbisha. Iache ikauke siku kadhaa mahali penye hewa, si juani.

Ikafunguka kirahisi mno. Ya Reelfoot ndani ina ulimi wa shaba ya njano uliopindwa kidogo, umelala juu ya ubao ulionyooka, umebanwa na kabari ya mbao. Ya mtindo wa Arkansas ni kinyume: ulimi ndio bapa, ubao ndio uliochongwa kwa mviringo, na kabari ni kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa. Hii ilikuwa na ubao wa mviringo, koki nyeupe ya jana, na ulimi wa plastiki angavu ya Mylar, kitu ambacho hakikuwepo kabla ya miaka ya 1950.

Mzee akasema ulimi umebadilishwa. Inawezekana, wawindaji hubadilisha ulimi na koki kila vinapochoka, na mimi siikatai filimbi kwa hilo peke yake. Lakini ubao haubadilishwi. Umechongwa kwenye kipande kilekile kinachochomekwa mwilini. Na kama shaba ingewahi kulala pale miaka mingi, ingeacha kivuli cha ukingo wake, pengine na kutu ya kijani pembeni. Ubao ulikuwa safi, alama za msasa bado zinaonekana.

Nikapima mdomo wa mwili kwa rula ya chuma, mara mbili, kwa pande zinazopishana. Mbao hunywea zaidi kwa kufuata miviringo ya umri wa mti kuliko kuelekea kiini chake, kwa hiyo kitu kilichokerezwa miaka mia iliyopita mara nyingi si duara kamili tena. Hiki kilikuwa duara kamili. Rangi ndiyo iliyomaliza ubishi: weusi ulikuwa sawasawa nje na ndani ya tundu, hadi mahali ambapo hakuna kidole wala jasho la mtu linalofika. Uzee wa kweli una mabaka. Huwa mweusi panaposhikwa, umelika pale kamba ya shingoni inapokaa, una alama za meno panapopulizwa.

Pale Mwenge, Dar es Salaam, ujanja huu tunaujua: mti mweupe unapakwa kiwi ya viatu, mgeni anauziwa kinyago cha "mpingo". Mpingo hauhitaji kiwi. Ukiutia majini unazama, na pembeni mara nyingi una ukanda wa njano ambao mchongaji huuacha makusudi. Wakerezaji wa Marekani siku hizi wanautumia kwa filimbi za bata, na wanaulipia vizuri. Sijui kijiji gani cha Kilwa kinaona hata senti ya hizo.

Mzee akashuka hadi 250, kisha 120. Kama filimbi mpya ya Arkansas iliyokerezwa vizuri, ningetoa 60. Akakataa, akairudisha kabatini na kikaratasi chake.

Nikachukua Olt D-2, filimbi ya bata ya kiwandani, ya mpira mgumu, ndani ya boksi lake, dola 45. Mpira huo ukikaa kwenye mwanga hugeuka kutoka mweusi kuwa wa kahawia au kijani cha zeituni, na ukioshwa kwa maji moto unaharibika zaidi, kwa hiyo kitambaa kikavu kinatosha. Anwani ya kiwanda, Pekin, Illinois, kwenye boksi haina msimbo wa posta wa tarakimu tano, ulioanza Julai 1963. Hiyo inaelekeza boksi kabla ya hapo, si lazima filimbi, maana maboksi huhamishwa. Rangi ya mpira na kulika panapopulizwa vilikubaliana na boksi, nikaridhika.

Kaunta ikaongeza kodi karibu asilimia kumi ambayo haikuandikwa popote kwenye bei.