Siku 28 za dawa ya mapafu ya unga, mi na mtoto wa dada hapa Mtwara

Dada yangu anaishi Birmingham, mwanae ana miaka 11 na ana sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi, makohozi yanakua mazito yananata na bakteria wa Pseudomonas wanaweka kambi kwenye mapafu. Aliposema anamleta Mtwara likizo niliogopa kwakweli, maana huku Shangani umeme ukikatika ndo umekatika, na dawa yake niliyokua naijua ni tobramaisini ya maji, antibayotiki ya kupambana na hao bakteria, inataka friji na mashine ya mvuke, kama dakika 20 asubuhi na 20 jioni.

Kumbe wamembadilishia, sasa anavuta dawa hiyohiyo ila ya unga, iko kwenye kapsuli unayoitia kwenye kifaa kidogo cha mkononi. Dada akanieleza ulijaribiwa kwa wagonjwa 553 wakalinganisha na ile ya maji, matokeo yakatoka 2011, mapafu yalipata nafuu sawasawa na kuvuta kunaisha dakika 5 au 6 tu, ila wa unga walikohoa zaidi. Hilo la kukohoa ndo lilitutesa.

Ni kapsuli nne asubuhi nne jioni, siku 28, halafu anapumzika 28. Siku ya pili dada akaenda msibani Newala akaniachia mimi. Mtoto kavuta moja tu akakohoa mpaka machozi, "Mamdogo basi, sitaki", nafungua kifaa nakuta unga mwingi bado umo. Na mi kwa haraka zangu nilishatoa zote nne kwenye karatasi zake nimeziweka kwenye sahani, mikono ina jasho, na hewa hii ya bahari, wakati dawa yenyewe haitaki unyevu kabisa.

Nikampigia dada, jioni tukaanza upya. Nakausha mikono kwa kanga, natoa moja moja, anabonyeza kitufe mara moja, anavuta pumzi ndefu bila papara, anaibana namhesabia mpaka tano, kapsuli hiyohiyo anavuta tena, ndo tunafungua kuangalia. Kati ya kapsuli anapiga funda la maji. Kikohozi hakikuisha ila kikapungua, akaacha kulia. Na kwa joto hili sikumnyima korosho za chumvi, wenye ugonjwa huu jasho lao linatoa chumvi nyingi sana.

Siku ya 28 tulikua Msimbati, kwenye mkeka, soketi hamna wala friji. Akamaliza ya nne, akafungua mwenyewe akanionyesha, "Tupu Mamdogo", akakimbilia majini.