Nilivyoanza homoni vibaya, kisha nikaanza upya

Mimi ni fundi cherehani hapa Nairobi, mwanamke ambaye nilipozaliwa waliandika mvulana. Homoni za kike nilizianza kwa njia mbaya, na namwandikia dada ambaye huenda leo amesimama mbele ya duka la dawa na wazo lile lile nililokuwa nalo.

Nilinunua vidonge vya kupanga uzazi. Ni rahisi, hakuna anayekuuliza swali, na wenzangu waliniambia nimeze vitatu kwa siku. Kichwa kikaanza kuniuma kutwa. Kisha jioni moja mguu wa kulia, ule ninaokanyagia cherehani, ukavimba shavu lake hata kiatu kikawa kizito. Hospitalini walipima, damu haikuwa imeganda, namshukuru Mungu. Daktari wa zamu alivuta kiti akanieleza kwamba estrojeni iliyomo kwenye vidonge vingi vya kupanga uzazi, ethinilestradioli, huleta hatari kubwa ya damu kuganda kuliko estradioli, ambayo ndiyo mwili wenyewe hutengeneza. Ukizidisha dozi, au ukivuta sigara, unaikaribisha hatari hiyo ndani. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo.

Alinipeleka kwa daktari wa homoni. Huyo hakuandika dawa siku ile. Alitoa damu kwanza apime: testosteroni, ile homoni ya kiume, na ini, figo, na madini ya potasiamu. Kisha akauliza kama ningependa kupata mtoto wa damu yangu, kwa sababu dawa hizi zinaweza kukomesha mbegu, na huenda zisirudi. Nilirudi nyumbani na swali hilo nikakaa nalo siku kumi. Nilishona sare za shule huku nalia. Ya kumi na moja nilikwenda nikasema niko tayari, na sijajuta, ila naona vibaya kwamba wengi wetu tunaanza bila kuulizwa.

Alinipa estradioli pamoja na spironolaktoni, ambayo huzuia homoni ya kiume, na wengine humeza kwa ajili ya presha. Hii ya pili hukukimbiza chooni, na ukiinuka ghafla unaona giza. Hupandisha potasiamu pia, kwa hiyo kila miezi mitatu, mwaka ule wa kwanza, nilirudi kutoa damu. Kuna miezi nilikosa hela ya maabara nikaomba mteja anilipe mapema. Kipimo sikukiruka.

Futi iko shingoni mwangu kutwa, basi kila mwisho wa mwezi nilijipima kifua. Miezi miwili haikusogea. Wa tatu, nikiinamia kitambaa, ukingo wa meza ukanigusa kifuani nikaruka kwa maumivu. Niliingiza mkono ndani ya blauzi: chini ya chuchu palikuwa na kifundo kigumu, kama punje ya mahindi. Nilifunga mlango wa duka, nikakaa sakafuni kati ya vipande vya nguo.

Sauti homoni hizi haziigusi, wala ndevu haziondoki. Sauti niliifanyia mazoezi alfajiri, nikijirekodi kwenye simu. Ndevu nilizipeleka saluni moja ya leza, wakaniunguza kidevu, nikabaki na mabaka. Baadaye ndipo nilipojua kwamba kwa ngozi nyeusi leza inayofaa ni ile ya Nd:YAG, na mtaalamu mzuri hujaribu kwanza sehemu ndogo, akangoja siku kadhaa aone ngozi inasemaje. Uliza mashine gani kabla hujalaza kichwa.

Mama alinikuta na kidevu kile. Tulikuwa hatujaongea karibu mwaka. Alikata mshubiri uani, akaukamua, akanipaka bila neno. Kisha akasema, "Usikwaruze, mwanangu." Baadaye jioni akauliza, "Na vyeti vyako vya shule?" Nikamsimulia kesi ya Audrey Mbugua, Mkenya mwenzetu aliyebadili jinsia kama mimi, ambaye mwaka 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha kidato cha nne na kuondoa alama ya jinsia. Mama akasikiliza mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyopita alikuja na kitenge cha mita sita, kijani chenye maua ya njano, cha harusi ya binamu yangu. Akakitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, akasema mshono uwe mmoja, kitatutosha sote wawili.