Siebold kule Dejima: tiba kwa ramani

Philipp Franz von Siebold husifiwa kama mtu aliyeipelekea Japani sayansi ya Ulaya. Ukifuatilia mambo yalivyokwenda, ilikuwa biashara ya nipe nikupe, na gharama kubwa iliwaangukia Wajapani.

Daktari huyu Mjerumani kutoka Würzburg alifika Dejima, kisiwa cha kujengwa bandarini Nagasaki walikofungiwa Waholanzi, Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara Japani, Agosti 1823. Wakalimani walikitilia shaka Kiholanzi chake. Wakaambiwa ni Mholanzi wa milimani! Uholanzi, nchi tambarare vile.

Alianza na chanjo ya ndui, ikamshinda. Majimaji ya chanjo aliyotoka nayo Batavia (Jakarta ya leo) yaliishiwa nguvu kwa joto la safari, na watoto aliowachanja hawakuota hata kipele. Otto Mohnike, daktari wa Dejima wa baadaye, ndiye aliyefaulu, mwaka 1849. Tabibu Narabayashi Sōken alishauri yaagizwe magamba makavu ya vipele, kwa kuwa gamba huvumilia bahari kuliko majimaji.

Mwaka 1824 Siebold alifungua shule Narutaki. Alifundisha tiba, naye akawadai wanafunzi insha kwa Kiholanzi: Takano Chōei aliandika juu ya nyangumi, Mima Junzō juu ya ukunga. Sehemu kubwa ya maarifa yake kuhusu Japani ilitoka humo.

Safari ya Edo (Tokyo ya leo) ya 1826 ndiyo iliyozaa balaa. Habu Genseki, tabibu wa macho wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, aliiona beladona, dawa ya mmea, ikifanya kazi: tone moja hulegeza msuli unaobana mboni, mboni inapanuka, na mtoto wa jicho anaonekana vizuri kabla ya kupasuliwa. Ili aijue dawa hiyo alitoa vazi lenye nembo ya shogun, kitu kisichoruhusiwa kumfikia mgeni. Siebold akamwonyesha hashiridokoro, mmea wa Japani kwenyewe wenye kemikali za jamii ileile.

Takahashi Kageyasu, mwanaastronomia wa serikali, naye alimpa Siebold nakala za ramani za Japani za mpimaji Inō Tadataka, zilizokatazwa kuwafikia wageni, akapewa kitabu cha safari cha Krusenstern, baharia wa Urusi. Wengi husimulia kwamba tufani ya 1828, iliyokwamisha meli bandarini, ndiyo iliyofichua siri. Kumbe shaka ilikwisha kuanza, pale mpelelezi wa nchi Mamiya Rinzō alipokipeleka serikalini, bila kukifungua, kifurushi alichotumiwa na Siebold.

Habu alivuliwa cheo. Takahashi alifia gerezani 1829, maiti yake ikatiwa chumvi hadi hukumu ya kukatwa kichwa itolewe. Siebold alifukuzwa mwaka huohuo, akiwa amekwisha kuzinakili ramani, na baadaye akazichapisha Ulaya.