Jinsi nilivyoacha kufa hovyo kwenye Doom ya 2016

Jamani hii gemu ya kupiga mapepo risasi ilinitesa siku tatu nzima pale pale, mapepo yakinizunguka nakimbilia nyuma ya ukuta nasubiri damu (yaani uhai wangu kwenye gemu) irudi, haya risasi nazo zinaisha nakufa, naanza upya. Kumbe kosa ni mazoea ya gemu zingine, humu ukijificha damu hairudi yenyewe, hata kuriload, yaani kusimama kujaza risasi kwenye bunduki, hakuna. Ile Doom ya kwanza ya 1993 nayo ilitaka utembee muda wote na hii wameirudisha vilevile, na ndo uzuri wake kwa kweli.

Nilichofanya: damu ikishuka nasogea mbele badala ya kukimbia. Pepo likilegea linawaka bluu, ukilikaribia linageuka rangi ya machungwa, hapo unalimaliza kwa mkono na linadondosha damu. Risasi zikiisha nachomoa msumeno wa mnyororo, ila kwa vipepo vidogo tu maana wakubwa wanakula mafuta mengi ya msumeno, afu risasi zinamwagika kibao. Pia nikaongeza upana wa kuona kwenye setingi, wanaokuja kwa pembeni nawaona mapema. Jana nimepita ile sehemu mara ya pili tu kujaribu, mikono inatetemeka kwa raha!