Bwana K na Datsun zinazotembea bado Mombasa

Kila mwenye Datsun 1600 au 240Z, magari ya zamani ya Nissan, iliyo hai mjini hapa ana deni kwa Yutaka Katayama, aliyefariki Februari 2015 akiwa na miaka 105. Marekani walimwita Bwana K. Siye aliyeyachora magari hayo. Yeye alikuwa meneja wa mauzo, lakini meneja aliyeijua barabara na asiyechoka kuwabana wakubwa wa Nissan kule Japani.

Mwaka wa 1958 aliongoza timu ya Datsun 210 katika mashindano ya magari ya Mobilgas, Australia, na gari lao moja likashinda daraja lake. Mwaka wa 1960 akapelekwa Marekani. Huko ndiko alikoshikilia kwamba injini ndogo haifai, gari la 1600 lipewe injini ya sisi 1600 kweli. Gari la michezo lilipofika na jina la Fairlady, alilibandua akaweka 240Z. Afrika Mashariki ilimthibitisha: Edgar Herrmann alishinda Safari Rally 1970 kwa 1600 SSS na 1971 kwa 240Z, kisha Shekhar Mehta akashinda 1973 kwa 240Z.

Uzuri wa magari haya kwa fundi ni kwamba injini zao, L16 ya silinda nne ya 1600 na L24 ya silinda sita ya 240Z, zina kipenyo kimoja cha silinda, milimita 83, na mwendo mmoja wa pistoni, 73.7. Ukiijua moja umeijua nyingine. Nafasi za valvu zipimwe injini ikiwa moto: za kuingiza milimita 0.25, za kutolea moshi 0.30. Pima kati ya kemu (mhimili wenye nundu unaofungua valvu) na roka (mkono unaoisukuma valvu), nundu ya kemu ikiwa imetazama juu. Ukishakaza nati inayofunga skrubu ya kurekebishia, pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka pamoja nayo. Valvu ya moshi ikibana sana haikai vizuri kwenye kiti chake, nayo huungua. Afadhali ilegee kidogo, hata ikipiga kelele.

Kufungua silinda hedi, kichwa cha injini chenye valvu, ndiko kunakoliza wengi. Weka pistoni ya silinda ya kwanza juu kabisa, tia alama kwenye cheni na gia ya kemu, kisha shindilia kabari ya mbao katikati ya cheni kabla ya kuitoa gia. Bila kabari, pistoni ya kukazia cheni huchomoka, na hapo kifuniko cha mbele chote lazima kishuke. Kazi ya asubuhi moja inakuwa ya siku mbili.

Na maji! Visima vyetu vingi vina chumvi, na hedi hizi ni za alumini. Maji ya kisima huzila njia zake mpaka gasketi ikose pa kushika, injini ianze kuchemka. Tumia maji ya mvua au ya betri, uchanganye na kulanti, dawa ya maji ya rejeta, nusu kwa nusu.

Kwa 240Z, kutu huanzia chini ya betri, sakafuni, na mwisho wa kizingiti cha mlango karibu na gurudumu la nyuma. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya vizingiti, usuuze kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka ufuoni. Palipotoboka pakatwe, pachomelewe bati jipya. Puti, ile lipu ya kuziba bodi, ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani, na bati linaendelea kuliwa usikokuona.