Bao la trei za mayai kwa siku za masika

Mvua ya masika ikipiga bati, kitu cha kwanza kupotea ndani ya nyumba ni sauti. Ndiyo maana hadithi na vitendawili, ambavyo wazazi wengi huvikimbilia, havidumu: msimulizi anapaza sauti hadi koo linauma, aliyekaa mwisho wa mkeka hasikii, wadogo wanaanza kuchokozana. Hivyo viwekeni akiba ya wakati wa manyunyu. Mvua ikiwa kubwa, watoto wanataka mchezo wa mikono na macho, na kwa wa miaka 7 hadi 13 sijaona unaoushinda bao.

Bao la kuchonga si kila nyumba linalo. Trei mbili za mayai zinatosha. Trei ya karatasi ya mayai 30 ina mashimo 5 kwa 6, ilhali bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo manane manane. Kwa hiyo kila trei ikatwe ibaki 4 kwa 4, kisha ziunganishwe ubavu kwa ubavu. Mkasi upite katikati ya safu ya tano, si kwenye ukingo wa ya nne, ili pabaki pindo la kushonea. Lalisha mapindo mawili moja juu ya jingine, ushone kwa uzi mnene na sindano ya magunia. Gundi ya unga ni nzuri siku za jua. Siku ya mvua haikauki, na watoto hawatasubiri. Vile vilima kati ya mashimo msivikate ncha, kwa kuwa ndani ni vitupu na kete zitapenya chini. Trei yenye doa la yai lililopasuka itupwe, hata kama doa limekauka.

Kete ni 64. Komwe ndizo zenyewe, kwa anayezipata. Zikikosekana, mbegu za ukwaju ni ngumu, zinateleza vizuri na zinashikika. Maharage makubwa yanafaa pia. Punje za mahindi ni ndogo mno: mtoto anaangusha mbili akidhani moja, na ugomvi unaanzia hapo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au wa miaka miwili mitatu, mchezo uchezwe juu ya meza, na kete zihesabiwe kabla na baada, maana mbegu huishia puani au masikioni.

Anzeni na bao la kujifunza, lisilo na nyumba (shimo maalumu la kulimbikiza kete) wala kunamua (kuingiza kete za akiba moja moja mwanzoni mwa mchezo). Kila shimo linawekwa kete 2. Kila mchezaji ana safu mbili za upande wake. Anachota shimo lolote lake lenye kete 2 au zaidi na kuzigawa moja moja, kuelekea upande atakaoutaka, akizunguka safu zake tu. Kete ya mwisho ikiangukia shimo la safu ya mbele lililokuwa na kete, na shimo la mwenzake linalotazamana nalo nalo lina kete, anakula: anazichukua na kuzigawa kuanzia shimo la pembeni la safu yake ya mbele, lile ambalo kutoka hapo kete zitapita safu ya mbele kwa mwelekeo uleule aliokuwa nao. Ikiangukia penye kete lakini hapana cha kula, anazichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, amelala, yaani zamu yake imekwisha. Mgawo wa kwanza usipokula, zamu hiyo yote ni ya kutakata, yaani kugawa tu, hakuna kula. Aliyeishiwa kete safu ya mbele, au asiye na shimo lenye kete 2, ameshindwa.

Kosa la kawaida ni kubadili mwelekeo katikati ya zamu. Mtoto wa tatu awe mwamuzi, anyooshe kidole upande kete zinakokwenda. Kazi hiyo inamfunza mchezo kuliko maelezo yoyote. Wakiwa wengi, mshindi abaki, aliyeshindwa apishe. Mkubwa asimnong'oneze mdogo shimo la kuchota. Mwacheni ahesabu kwa kidole, hata akichelewa.

Jioni kete zitolewe kwenye trei na kuwekwa kwenye kopo lenye mfuniko. Maharage yakilala wazi wakati wa masika hunyonya unyevu na kuvimba, na panya huyafuata usiku.